Mfuko wa Sufu Usichukue Nafasi ya Kifua cha Mama

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huuma sana huko Chome na Mbaga, na wazazi hutuuliza wamfunike mtoto mchanga kwa nini. Wilaya yetu ni moja, lakini hali ya hewa si moja: Same mjini ni tambarare yenye joto, na kilele cha Shengena kina mita 2,462.

Akina mama wanaofuma mifuko ya kulalia watoto tunawapongeza. Mfuko haumfuniki mtoto usoni kama blanketi linaloteleza usiku. Hata hivyo, sisi wauguzi tuna neno.

Mfuko hauleti joto. Hutunza tu joto lililomo mwilini. Mtoto aliyekwisha kupoa akiingizwa ndani yake hubaki na baridi yake, na wazazi hutulia wakidhani amelala vizuri. Hapo ndipo tunapowapoteza, hasa watoto njiti na wale wenye uzito chini ya kilo 2.5, kwa kuwa hawana mafuta ya kutosha mwilini.

Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5. Joto hilo analo mama yake. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, mashine za kuwatunzia watoto njiti hazikutosha, madaktari wakaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia ya kangaruu, na haihitaji umeme wala fedha. Baba naye anaweza kumpokea mama akichoka.

Basi mfuateni mtoto kwa utaratibu huu. Akizaliwa, akaushwe na kuwekwa kifuani mwa mama. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Avishwe kofia na soksi. Mfuko uje baadaye, anapolala peke yake. Akilala ndani ya blanketi la mama, mfuko wa sufu utamzidishia joto.

Mfumaji atumie nyuzi laini zisizowasha, na aufue mfuko kabla ya kuutumia. Shingo iwe ndogo kiasi kwamba kichwa hakiwezi kuzama ndani. Chini pawe papana, miguu ikunjike na kunyooka. Usiwekwe kofia ya kuungana nao, kamba wala utepe. Mtoto alazwe chali.

Msimpime kwa mikono na miguu, maana hiyo hupoa upesi. Mguseni kifua au kisogo. Akitoka jasho, mpunguzieni nguo. Mfuko unaofaa Chome mwezi wa Julai utamwivisha mtoto Same mwezi wa Februari. Kifua kikiwa cha baridi, au akilegea na kukataa kunyonya, mwekeni kifuani mara moja na mje hospitali akiwa hapo hapo, njia nzima.

Tena tunawasihi: jiko la mkaa lisilale chumbani. Moshi wake wa sumu hauonekani, nao huua familia nzima.

Maoni yetu ni haya: kila Jumuiya Ndogo Ndogo yenye mama mjamzito imfumie kofia, soksi na mfuko kabla hajajifungua, na akina baba wanunue nyuzi. Lakini siku ya kumkabidhi zawadi hiyo, mwambieni pia kwamba blanketi la kwanza la mtoto ni yeye mwenyewe.