Mtambo Ukififia, Anzeni na Waya



Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, jirani na Buguruni yetu, yatosha kutuonya tusitegemee njia moja ya kupelekeana khabari. Kwa hiyo mtambo wa kupokeza sauti wa wapenda redio, usikiao katika wimbi moja na kusema papo hapo katika jingine, hauna budi kuwa mzima.

Lakini sauti ikififia, wengi hukimbilia kuufungua mtambo wenyewe. Rai yangu si hivyo. Anzeni nje: chumvi ya bahari hula viungo vya waya uendao mlingotini, na maji ya masika hupenya ndani yake. Kisha pimeni umeme mtambo unaposema, si unaponyamaza. Tena, ukiwa wasikika mbali lakini wenyewe hausikii walio mbali, tafuteni kosa upande wa kusikia. Katika megahezi 145 njia hizo mbili huachana kwa kilohezi 600 tu. Pengine sauti yake yenyewe yauziba masikio.

Sisi makarani twajua faida ya daftari. Andikeni vipimo mtambo ungali mzima. Pasipo hivyo, siku ya ugonjwa mtalinganisha na nini?