Pikipiki ya Kwanza Uzeeni

Si ajabu siku hizi kumwona mwalimu mwenye mvi akinunua pikipiki yake ya kwanza, apate kufika shuleni bila kungoja matatu. Uamuzi huo hatuulaumu. Tunalolaumu ni kwamba fedha zote humalizikia kwenye injini, kichwa kikaachiwa helmeti ya bei ya sahani.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi helmeti na inunuliwe kwanza. Ibane mashavu bila kuumiza, na kamba ifungwe kidevuni, isining'inie kama pambo. Sheria yadai pia jaketi yenye kuakisi mwanga. Glavu na viatu vya kufunika vifundo visipuuzwe: mfupa wa mzee hauungi upesi.

Kuhusu chombo chenyewe, injini ya sentimita za ujazo 100 au 125 yatosha. Mnunuzi aketi juu yake papo hapo dukani, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Akigusa kwa ncha za vidole tu, aiache, hata muuzaji akiisifu vipi. Kisha aende akafunzwe, apate leseni ya pikipiki, wala asitosheke na somo la jioni moja kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani.