Goma: Nyumba ndogo za wageni na musimu usiokuwa tena na tarehe

Mbele ya 2020, mwaka wa nyumba za wageni za Goma ulikuwa unaongozwa na Nyiragongo na gorila wa Virunga. Mutalii alikuwa analala usiku moja katika muji, kesho yake anafika Kibati kupanda volkano, ao anaenda Rumangabo na Bukima kuona gorila, kisha anarudi kuoga, kula sambaza na kulala tena. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, vyumba vya Himbi na Katindo vilikuwa vinajaa. Mvua ikirudi, bei inashuka. Hata hifadhi yenyewe ilikuwa inafanya vile: ruhusa ya kuona gorila ilikuwa dola 400, na katika miezi ya mvua ilikuwa inashuka mpaka 200. Ngambo ya pili Rwanda ilikuwa imepandisha yake kufika dola 1.500 tangu mwezi wa tano 2017, kwa hiyo wageni wengi walikuwa wanavuka mupaka kuja kwetu.

Musimu huo ulikufa kidogo kidogo. Mwezi wa tano 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa na mulinzi mumoja wa hifadhi akauawa. Virunga ikafunga, ikafungua tena mwezi wa pili 2019. Mwezi wa tatu 2020 Covid-19 ikaifunga tena. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo yenyewe ikalipuka. Mwishoni mwa mwaka huo M23 ikarudi vitani, na Bunagana ikaanguka tarehe 13 mwezi wa sita 2022. Njia ya Rutshuru ikaacha kuwa njia ya watalii.

Na bado nyumba nyingi hazikufunga, juu kulikuwa muteja wa pili: semineri. Shirika linakodi sale, linalipia chakula cha mchana, chai ya saa nne, na vyumba kwa wale waliotoka Masisi ao Walikale. Ilikuwa pesa nzuri, inakuja kwa pamoja na inalipwa kupitia banki. Kusema kweli, iliwazoeza wenye nyumba vibaya. Mutu hakutafuta tena muteja. Alingoja simu ya ofisi fulani.

Simu hiyo ilinyamaza katika juma moja. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 Marekani, iliyokuwa mufadhili mukubwa wa misaada ya kibinadamu Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 27 M23 ikaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, banki zikafunga milango, na wageni wengi wa mashirika wakaondoka. Mwezi wa kumi mwaka ule, katika mukutano wa Paris, ilitangazwa kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za musaada. Za musaada: siyo za watalii.

Kwa hiyo swali la mwenye vyumba sita ao nane leo siyo namna ya kuvuka miezi ya mvua. Mwaka muzima umekuwa mvua. Na nyuma ya mulango wake kuna mupishi, mama wa kufua na sentineli, na kila mumoja ana watoto wa kusomesha.

Wa kwanza kufikiri anashusha bei. Chumba cha dola 25 kinakuwa 12. Lakini bei ya chini haimuleti mutu ambaye hana sababu ya kulala inje ya nyumba yake. Mukaaji wa Ndosho hawezi kuacha kitanda chake kwenda kulala Himbi juu tu chumba kimekuwa rahisi. Anayefaidi punguzo ni yule msafiri mumoja ambaye angekuja hata kwa 25, na nyumba inapoteza 13.

Kinachomutoa mutu nyumbani ni jambo. Ndiyo maana nyumba ndogo sehemu mbalimbali za dunia, wakati wa ukame wa wateja, haziuzi chumba. Zinauza siku mbili zenye kusudi: tarehe inajulikana, chakula kimo, kuna mutu wa kuongoza, na bei ni moja.

Lamu, kule pwani ya Kenya, ilipita njia hii. Wageni walitekwa huko 2011, kisha mwezi wa sita 2014 mashambulizi ya Mpeketoni yakaua watu zaidi ya sitini, na balozi zikaonya raia wao wasifike. Mwaka ule ule wa 2014 kisiwani kulikuwa kumeanza tamasha la yoga, na mwaka kwa mwaka liliendelea kuleta watu kwenye nyumba ndogo za wageni, Shela hasa. Mambo ya yoga hayatusaidii sana hapa Goma, tusidanganyane. Ila funzo liko: mutu anayekuja kwa jambo lake anakuja hata pale mutalii wa kawaida ameogopa.

Goma yenyewe ina ushahidi wake. M23 ya kwanza ilishindwa mwezi wa kumi na moja 2013. Mwezi wa pili 2014 Festival Amani ikafanyika Collège Mwanga, siku tatu za muziki na dansi. Umati ule haukuja kuona gorila. Wengi walikuwa wakaaji wa muji na majirani.

Basi jambo gani linaweza kujaza vyumba leo? Lile ambalo watu wa hapa tayari wanalitolea pesa. Makanisa yanafanya mafungo ya maombi. Wachumba wanafundishwa mbele ya ndoa, na familia mbili zinahitaji mahali pa kukaa kuzungumza mahari bila majirani kuchungulia. Kuna jamaa za inje wanaofika kwa Kigali na kuvuka Grande Barrière, na wazazi wa Butembo ao Beni, upande wa serikali ya Kinshasa, ambao wakitaka kuona watoto wao wa Goma wanaweza kulazimika kuzunguka na Uganda. Mutu aliyezunguka hivyo hataki kurudi kesho yake.

Halafu kuna akina mama wa AVEC, vile vikundi vya akiba. Vingi vinagawa pesa mwisho wa mwaka, na siku ya kugawa ni karamu. Hawa ni wateja wenye pesa mkononi na wenye tarehe. Ni nani amewahi kuwapelekea bei?

Tuchukue mufano, hesabu ya karatasi tu. Kikundi cha watu 12 wanalala wawili wawili katika vyumba sita, usiku mbili, dola 20 kwa mutu kila siku, chakula kimo. Inakuwa dola 480. Chakula, tuseme dola 6 kwa mutu kwa siku: 144. Wafanyakazi wane kwa siku mbili, dola 5 kila siku: 40. Mafuta ya jenereta, maji na sabuni: 60. Mwongozaji: 40. Inabaki dola 196. Mara mbili kwa mwezi, mishahara ya mupishi na sentineli inaweza kupatikana. Tajiri hatatokea hapo, lakini mulango hautafungwa. Na faida imefichwa jikoni: kwa kikundi unanunua sombe, maharagwe na jibini ya Masisi ukijua idadi ya sahani, hakuna kinachooza.

Hesabu hiyo inavunjika kwa mambo mawili. La kwanza ni malipo. Banki zikifungwa, malipo ya mbele yanapita kwa simu, na kutoa pesa kunakula komisyo; noti ya dola iliyochanika kidogo inakataliwa. Mwenye nyumba ambaye hakupata nusu mbele ya kikundi kufika anaweza kubaki na sufuria imejaa na vyumba vitupu, njia ikifungika ghafla.

La pili halipendwi kusemwa: chumba cha saa. Wakati wa njaa nyumba kadhaa zinaishi kwa wanaoingia mchana na kutoka mbele ya jua kuzama. Pesa ile ni ya haraka, haidai chakula wala mwongozaji. Lakini muji una macho. Mchungaji aliyesikia jina la nyumba hiyo hataleta wachumba wake, na mama wa AVEC hataomba ruhusa kwa mume kulala pale. Nyumba ndogo haiwezi kushika biashara zote mbili katika paseli moja, na mwenye nyumba anayetaka akina mama wa mwisho wa mwaka anapaswa kuwa amefunga mulango wa mchana tangu mwezi wa tisa, mvua inapoanza, ili habari ipate muda wa kutembea kutoka kanisa mpaka soko la Virunga.