Tezi ya Shingo Ikilegea

Mama huchoka kabla ya saa nne asubuhi, husikia baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, na kunenepa ingawa chakula ni kile kile. Majirani wa kambini humwita mvivu. Huenda tezi iliyo mbele ya shingo haitoi homoni ya kutosha.

Tezi hiyo huhitaji madini ya iodini. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, wataalamu wa miaka ya 1960 walikuta iodini ni haba kote, lakini rovu lilikithiri upande wa kaskazini. Muhogo ulishukiwa: usiporowekwa vya kutosha, sumu yake huizuia tezi kupata iodini. Muhogo wenyewe hauna hatia. Haraka ya mpishi ndiyo mbaya.

Pengine mwili huishambulia tezi yake wenyewe, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Hapo chumvi yenye iodini haiponyi. Damu hupimwa, na kidonge cha levothairoksini humezwa kila siku kabla ya kula, aghalabu maisha yote. Askari anayehamishwa asisahau vidonge vya mkewe. Naye mja mzito mwenye dalili hizo asikawie kupimwa, kwani ubongo wa mtoto aliye tumboni huitegemea homoni ya mamaye.