Mwacheni wa Divisheni Foo Achome Sindano

Boti ya Kilwa Masoko kwenda Songo Mnara haina siri. Mkishabanana na magunia ya sembe, dumu la petroli na kuku wawili waliofungwa miguu, jambo la mmoja huwa la wote. Ndiyo maana hata Kilwa Kisiwani hatujaipita, tulikuwa tumeshajua kuwa binti aliyekaa ubavuni mwangu, bahasha ya kaki mapajani, kamaliza kidato cha nne, kapata divisheni foo, na anatafuta chuo cha uuguzi.

"Unesi?" akauliza mzee aliyekaa upande wa omo. "Kwa foo hiyo? Mjukuu wangu, hao waliofeli ndio wanaotumaliza mahospitalini."

Watu wakacheka. Binti naye akacheka kidogo, kwa adabu, akasema, "Haya, babu," kisha akaigeuza ile bahasha, jina lake likalala chini.

Mzee sina ugomvi naye. Kasema kinachosemwa kwenye daladala, vijiweni kwenye kahawa na hata na wasomi wenye vyeti vyao ukutani: kwamba kozi za afya zimevamiwa na vilaza, na kwamba vigezo vikipandishwa wagonjwa watapona. Ugomvi wangu ni na kauli yenyewe. Imezoeleka mpaka hakuna anayeidai ushahidi.

Tuanze na kanuni, maana wengi wanaolaumu hawajaisoma. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, linataka mwombaji wa stashahada ya uuguzi na ukunga awe amefaulu masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, mbali na ya dini, na katika hayo yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kufaulu maana yake ni kuanzia D, na D huanzia alama 30. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu, ukiwa nazo heri. Sasa chukua kalamu. Divisheni hupigwa kwa masomo saba yaliyo bora. D ni pointi 4, F ni pointi 5. D nne ni 16, F tatu ni 15, jumla 31. Hiyo ni foo, tena ya chini, kwa kuwa foo huanzia 26 na kuishia 33. Kwa hiyo mlango wa chuo cha uuguzi umechongwa kwa kipimo cha foo tangu mwanzo. Mwenye foo hakupenya dirishani. Na upande wa pili, kijana mwenye divisheni tuu safi ya sanaa, mwenye F ya Fizikia, haingii. Divisheni, ile inayotajwa kwenye boti na kwenye harusi, haimo kabisa katika hesabu ya chuo.

Binti wa bahasha alikuwa na pointi 26. Biolojia C, Kiswahili C, mengine matano D, Kemia ikiwemo. Somo moja lingepanda kutoka D kwenda C angeitwa divisheni thrii, na babu yule angempa hongera. Kinachomfungia mlango si foo yake, ni F ya Fizikia. Nikamuuliza Fizikia kulikoni. Akasema mwalimu aliyekuwepo aliwafundisha kidato cha kwanza akahama, na baada yake walisoma kwa kunakili madaftari ya waliowatangulia. Mtihani ulipofika, karatasi ilikuwa ileile anayopewa mtoto wa shule yenye maabara mbili na walimu wanne.

Hapo ndipo neno "kufeli" linaponikera. Nani kafeli? Ukiandika F kwenye cheti cha mtoto ambaye hakufundishwa, umepima shule, na pengine umepima wilaya. Walimu waliokuwa wakiandaliwa kwa ajili ya watoto kama huyo nao yaliwakuta: Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Mjadala ukageuka kuwa wa sifa zao za kuingilia, na neno "vilaza" likatoka hadi kinywani mwa Rais wa wakati huo, John Magufuli. Kozi ile ilianzishwa kwa sababu shule zilikosa walimu wa sayansi na hisabati. Nchi ikacheka vilaza, shule zikaendelea kungoja walimu, na watoto waliokuwa wakiwangoja ndio hao leo tunawaita waliofeli.

Na hiyo mizani yenyewe haijawahi kutulia. Februari 2013 yalipotoka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, kiasi cha asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro. Nchi ikapiga kelele, ikaundwa tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei matokeo yakafutwa yapangwe upya. Karatasi zilikuwa zilezile, mwandiko uleule, makosa yaleyale. Maelfu ya watoto wakalala wamefeli wakaamka wamefaulu. Matokeo ya 2014 yakaja kwa GPA, hakuna divisheni, mzazi anaambiwa mwanawe kapata "merit" anauliza hiyo ni foo au thrii. Mapema 2016, chini ya Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, tukarudi kwenye divisheni. Yananikumbusha sarafu: pale Songo Mnara wachimbaji wa mambo ya kale walikuta akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300, za aina iliyofuliwa Kilwa. Zamani zile zilinunua vitu kwa sababu masultani walisema zinunue. Alama zetu nazo ni sarafu za namna hiyo. Thamani yake hutangazwa na wakubwa, na huweza kutenguliwa asubuhi yoyote.

Najua jibu litakalokuja. Watasema: sawa, lakini dawa hazina huruma, muuguzi asiyejua hesabu ataua. Hilo ni kweli, sitalizunguka. Akikosea nukta ya desimali kwa mtoto wa kilo nane, hakuna wa kumrudisha. Ila hebu tuiangalie hesabu yenyewe. Pale botini nilimpa binti moja, ileile wanayoanza nayo vyuoni: lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa 8, mrija wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Muuguzi ahesabu matone mangapi kwa dakika? Binti, mwenye F ya Hisabati, akaandika mgongoni mwa ile bahasha. Mililita 1,000 mara 20, matone 20,000. Saa 8 mara 60, dakika 480. Akagawanya, akafuta, akagawanya tena, boti ikimtikisa mkono. Akapata 41.6 na kuendelea. Akainua uso.

"Tone halikatwi," akasema. "Sasa niandike 41 au 42?"

Ni 42. Lakini swali lake lilinipendeza kuliko jibu. Ni la mtu aliyeshaacha kuona tarakimu akaanza kuona tone linadondoka. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya. Mwalimu wa darasa la sita anaijua. Asiyeiweza leo ataiweza baada ya miezi miwili ya kufundishwa kweli, na asiyeiweza baada ya miaka mitatu, huyo mwacheni arudi nyumbani. Mimi sisemi mlango ubaki wazi huku na huku. Nasema kazeni wa kutokea. Chuo kina mitihani ya kila ngazi, kuna mazoezi wodini chini ya macho ya mkunga mzoefu, na mwisho kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla mtu hajapewa leseni. Kama huko kuna anayepita bila kujua, basi kuna aliyempitisha. Kilio chenu kipelekeni kwa huyo, na kwa vyuo vilivyofunguliwa kukusanya ada. Msikipeleke kwa mtoto wa miaka 18 mwenye bahasha.

Niliwahi kulazwa, sitasema wapi. Dripu yangu iliyoandikiwa saa 8 iliisha kwa saa tatu, kwa sababu aliyeifungua aliifungua kwa kukadiria, simu begani, akaondoka. Nilipomwita alinijibu kwa kauli ambayo siiandiki gazetini. Sikumuuliza alipata divisheni gani. Hakuna mgonjwa anayeuliza. Mgonjwa anataka mtu atakayehesabu matone kwa saa ya mkononi na kumwambia "pole, baba" bila kuombwa, na hakuna karatasi ya Baraza la Mitihani, NECTA, ya kwanza wala ya pili, inayopima kauli ya mtu saa tisa usiku.

Waliokula chumvi nyingi wanakumbuka zaidi. Miaka ya 1970 nchi hii ilichukua mabinti waliomaliza darasa la saba, ikawapa kozi fupi ya afya ya mama na mtoto, ikawarudisha vijijini. Jina lao la kazi lilikuwa MCHA, watu wakiwaita manesi tu. Mpango wa chanjo wa taifa ulioanza 1975 ulitembea kwa miguu ya hao. Ndio waliopima uzito wa watoto kwa mizani ya kuning'iniza, wakazalisha kwa taa ya chemli, wakajua nani kijijini mimba yake iliyopita ilimsumbua. Kwa kipimo cha leo wasingekaribia hata geti la chuo. Sisemi turudi huko. Ukunga umekua, dawa zimekuwa nyingi, na darasa la saba halitoshi tena. Nasema tu kwamba wengi wanaowacheka wenye foo walidungwa chanjo zao za kwanza na mtu ambaye hakuwahi kuwa hata na foo.

Halafu kuna jambo la nani atakaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya namna ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, na miongoni mwa ya mwanzo ni hili: dahili wanafunzi waliotoka hukohuko. Mtu wa pwani hahitaji Geneva imwambie. Mjamzito wa Songo Mnara akizidiwa, hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Kwanza boti hadi Masoko, kisha barabara. Na boti haiondoki kwa saa ya ukutani, inaondoka kwa maji. Yakiwa yamekupwa, unabebwa kwenye tope la mikokoni mpaka lilipo tumbo la bahari. Muuguzi aliyezaliwa huku anajua hayo kabla hajafundishwa. Atamwambia mama ahamie Masoko wiki mbili kabla, kwa jamaa fulani, na atajua huyo jamaa ana chumba au hana. Aliyekuja na divisheni wani yake kutoka mbali naye ni mtu, ana ndoto zake. Mara nyingi barua ya kuomba uhamisho huanza kuandikwa siku anapovua viatu kushuka botini.

Maradhi haya ya kuabudu alama si yetu peke yetu. Muuguzi wetu wa stashahada akitaka shahada anakutana na GPA ya 3.0. Jamaa zetu walioko Marekani, waliosomea mengine na sasa wanataka kuingia uuguzi kwa kozi ya haraka ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mara nyingi wanakutana na 3.0 vilevile. Tofauti ni kwamba ya kwetu ni juu ya 5, ya kwao ni juu ya 4. Namba moja, mizani mbili, na kila upande unaapa kuwa hapo ndipo usalama wa mgonjwa unapoanzia. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka kumi, aliyepokea watoto wasiohesabika, anaambiwa 2.9 yake ya ujanani haitoshi. Na huyo aliyemwambia, usiku mkewe akishikwa na uchungu, anamtafuta yeye.

Tulifika Songo Mnara maji yakiwa yameshaanza kutoka. Watu wakavua viatu, wakapandisha kanga na suruali, wakaingia magotini. Binti akaiviringisha bahasha, akaichomeka ndani ya ushungi isilowe. Mzee wa omo alikuwa mbele yetu, fimbo mkononi, anatafuta pa kukanyaga.

Nikamuuliza binti amejipangaje. Akasema Fizikia ataifanya tena Novemba, mtahiniwa wa kujitegemea, kuna kijana Masoko anawafundisha jioni kwa kuchangishana. Hofu yake haiko hapo. Anasubiri ratiba itoke aone mtihani unaangukia siku gani ya mwezi mwandamo, maana ikiwa bamvua, maji ya asubuhi hukimbia mbali na boti haielei. Itabidi avuke usiku wa kuamkia, na pa kulala Masoko hajapapata bado.