Gari la kuuzwa haraka lisiuzwe bila karatasi

Goma: Shida ikibisha mlangoni, gari la zamani ni kati ya mali za kwanza kuuzwa. Jamaa waliokimbia vita wanahitaji dola za kodi ya nyumba na za chakula, na makomisioneri wanajua hivyo. Wanaonyesha matope na kiti kilichochanika, kisha wanashusha bei.

Kuliosha gari kabla ya kulionyesha si urembo. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linafanya hata gari zima lionekane bovu. Lakini lioshewe mbali na Ziwa Kivu, maana mafuta yake yanaingia katika maji ambayo watu wanachota. Fundi apime freni na amotisa, kwani barabara za mawe zinazimaliza upesi. Ubovu uliobaki usemwe wazi.

Hatari kubwa iko kwenye makaratasi. Anayetoa karte roz bila mkataba wa mauzo uliosainiwa mbele ya mashahidi, jina lake linabaki kwenye gari. Likigonga mtu kesho, atatafutwa yeye.

Kununua mali ya mwenye shida si kosa. Kumnyima karatasi na bei ya haki ndilo kosa.