Kimya Chako Si Ruhusa!

Hebu jiulize, ndugu yangu: umegongwa na gari, umezimia, halafu unatiwa mshipani kitu kilicho bado kwenye majaribio. Nani alikubali kwa niaba yako?

Haya yalitendeka Marekani, 2003 hadi 2006. Kampuni ya Northfield ilijaribu PolyHeme, mbadala wa damu. Chembe nyekundu za damu ya binadamu zilipasuliwa, hemoglobini ikatolewa, ikasafishwa, kisha molekuli zake zikaunganishwa. Zikiachwa moja moja huharibu figo na kubana mishipa.

Majeruhi zaidi ya 700 waliingizwa, nusu wakipewa PolyHeme. Kanuni ya 1996 iliruhusu utafiti wa dharura bila idhini. Na kama hutaki? Eti uvae bangili ya buluu kila siku! Sasa yule ambaye habari hazikumfikia je?

Watatwambia kwenye ambulensi hakuna damu. Sawa. Lakini hata hospitalini, damu ikiwepo, waliendelea kutiwa PolyHeme hadi muda wa saa 12. Hapo dharura iko wapi?

Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 13.4 ya waliopewa PolyHeme, na 9.6 ya wengine. Mwaka 2009 serikali ikakataa kuiidhinisha.

Hatupingi sayansi, mbadala wa damu ungeokoa wengi. Tunapinga kimya cha aliyezimia kuhesabiwa ndiyo. Kijana, ukiletewa fomu ya utafiti, usitie sahihi tu. Soma. Uliza. Kukataa ni haki yako.